Boksi la Krimu Halikuoni

Msomaji, kabla hujaendelea: leo tunaongelea ngozi ya sehemu za siri. Kama unasoma ndani ya mwendokasi na jirani anachungulia simu yako, mwache achungulie. Huenda na yeye anawashwa.

Humu huwa tunachambua vitabu, filamu na tafiti mpya. Leo nachambua maandishi matatu yanayosomwa na watu wengi zaidi ya hivyo vyote: boksi la krimu ya muwasho, chati ya ukutani kwenye chumba cha matibabu, na onyo la kwenye simu kwamba krimu zenye steroidi ni hatari. Yote matatu yameandikwa kwa nia ya kumsaidia mtu anayewashwa. Hoja yangu ni moja tu. Yanakuambia utumie nini au uogope nini, na hakuna hata moja linalouliza kwanza una nini. Kwa ugonjwa unaoisha ndani ya wiki moja, kosa hilo unaweza kulisamehe. Kwa ugonjwa wa kuishi nao maisha, linakula mwili.

Andishi la kwanza: boksi

Hili nimelinunua Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Cheti cha daktari sikuulizwa. Nilisema "nawashwa huku chini", muuzaji akanyoosha mkono kwenye rafu, kazi imeisha.

Mbele limeandikwa viambato vitatu: betamethasoni, klotrimazoli na jentamaisini. Cha kwanza ni steroidi, cha pili dawa ya fangasi, cha tatu antibayotiki. Ukilisoma kama unavyosoma andishi lolote, boksi linasema hivi: sijui una nini, ila chochote ulicho nacho, kiboko yake kimo humu. Ni kama dereva aliyepotea njia akawasha indiketa zote mbili. Kuna upande atakuwa amepatia, lakini wa nyuma yake hajui aende wapi.

Twende taratibu. Muwasho na uvimbe wa ngozi ni kazi ya kinga ya mwili wako mwenyewe. Steroidi huituliza kinga hiyo. Ndiyo maana ukipaka krimu ya namna hii, ndani ya siku mbili tatu muwasho unakata, na unamwambia shoga yako kwamba dawa ni kali. Sasa kama tatizo lilikuwa fangasi, askari umewalaza na mwizi bado yuko ndani. Klotrimazoli iliyomo inapigana, lakini inapigana peke yake. Ukiacha krimu, muwasho unarudi, baka limepanuka, na ule ukingo ambao daktari angeutambua kwa macho umefutika. Mwaka 1968 madaktari wawili Waingereza, Ive na Marks, waliieleza hali hii katika British Medical Journal na kuipa jina la Kilatini, tinea incognito, yaani fangasi aliyejificha. Wala si hadithi ya zamani. Huko India kuna kuvu aliyepewa jina rasmi mwaka 2020, Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi ni sugu kwa terbinafini, dawa tuliyoizoea. Madaktari wa ngozi wa huko wanazitaja krimu za mchanganyiko kama hizi miongoni mwa sababu za kusambaa kwake.

Halafu kuna suala la mahali. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima kiasi cha haidrokotisoni kinachopenya ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Kwenye mfuko wa korodani ilipenya karibu mara 42 zaidi ya kwenye mkono, chini ya kiwiko. Boksi langu linasema "paka sehemu iliyoathirika mara mbili kwa siku", kana kwamba kiwiko na korodani ni ngozi moja. Ukitumia hivyo miezi na miezi mapajani, unapata ngozi nyembamba na michirizi isiyofutika.

Mpaka hapo utasema tumeshafika: steroidi mbaya, makala imekwisha. Subiri.

Andishi la pili: chati

Chati ya ukutani nitaisema kwa adabu, kwa sababu ina historia ya heshima, tena ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Grosskurth na wenzake uliofanyika katika jamii 12 za Mkoa wa Mwanza. Nusu ya jamii hizo zilipata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa: mhudumu anatibu kwa kufuata dalili, hangoji majibu ya maabara. Kwenye jamii hizo maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40. Utafiti huo ulisomwa dunia nzima. Chati unayoiona zahanati, yenye visanduku na mishale, ni ya ukoo huo huo wa kutibu kwa dalili, na imeokoa watu.

Lakini isome kama andishi uone inaanzia wapi na kuishia wapi. Inaanza na ute, kidonda au uvimbe. Inaishia kwenye dawa za kuua vijidudu na maneno "mwenza naye atibiwe". Mwenye ugonjwa wa sehemu za siri usiotokana na maambukizi hana mshale wake. Atasukumwa kwenye mshale wa jirani.

Mimi nilisukumwa. Nilianza kuwashwa nikiwa mwaka wa kwanza wa masters, usiku zaidi kuliko mchana. Ndani ya miaka miwili nilitibiwa fangasi mara tatu. Mara ya nne nikapewa dawa za magonjwa ya zinaa pamoja na karatasi ya kumpelekea mwenza. Mchumba wangu aliisoma tukiwa kwenye pantoni, katikati ya Magogoni na Kigamboni. Akaikunja, akaitia mfukoni, hakusema kitu mpaka tukashuka. Kisha akauliza, "Umeutoa wapi?" Sikuwa na jibu, maana hakukuwa na ugonjwa wa zinaa wa kuutoa popote. Ila karatasi ilikuwa imeshanijibia.

Nikihesabu sasa, katika safari zile nne hakuna aliyeniangalia. Walinisikiliza, wengine kwa upole kabisa, wakaandika. Siwalaumu mmoja mmoja. Dukani hakuna pazia, na pale penye pazia chati ilikuwa imeshawapa jibu bila kuhitaji macho. Na mimi mwenyewe nilishukuru kutovuliwa nguo. Aibu yangu na haraka yao zilielewana vizuri sana.

Wa kwanza kuniangalia alikuwa somo yangu, yule bibi aliyepewa kazi ya kunifunda harusi ilipokaribia. Maana tulifika huko, baada ya maneno mengi na machozi kidogo. Somo hajasoma baiolojia, lakini ana majina ya kila kiungo na hana aibu kuyatamka. Alivuta pazia mwanga uingie, akaangalia, akasema: "Mwanangu, hapa rangi imetoka, na hapa pameanza kushikana. Usiende nalo dukani hili. Nenda kwa daktari wa ngozi, na ukifika mwambie akuangalie."

Daktari aliangalia, akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Jibu likaja na jina: laikeni sklerosasi.

Ni ugonjwa gani huu?

Ulielezwa kwanza na Hallopeau wa Paris mwaka 1887, kwa hiyo si ugonjwa wa juzi. Kinga ya mwili inaonekana kuishambulia ngozi yenyewe, hasa ya uke kwa nje na kuzunguka njia ya haja kubwa, na kwa wanaume kichwa cha uume na govi. Ngozi inapauka, inakuwa nyembamba na yenye mikunjo kama karatasi laini, inawasha, inachanika kirahisi. Ukiachwa, unaacha makovu: mashavu madogo ya uke yanashikana na kupotea, kisimi kinafunikwa, mlango wa uke unabana. Kwa mwanaume govi linakaza lisirudi nyuma. Wanawake wanaupata zaidi ya wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi, na wasichana kabla ya kuvunja ungo. Lakini umri wowote unaweza kuguswa, kama unavyonisoma.

Yashike haya matatu. Hauambukizi, kwa hiyo mwenza hana cha kutibiwa. Hautokani na uchafu wala uzinzi. Na usipotibiwa, kuna hatari ndogo, lakini ya kweli, ya saratani ya ngozi ya eneo hilo.

Andishi la tatu: onyo

Sasa hapa ndipo makala hii iliponilazimu kuiandika.

Daktari aliniandikia klobetasoli ya asilimia 0.05, marhamu. Mkazi yeyote wa Dar anayeujua mkorogo analijua jina hilo. Ni ileile inayokutwa kwenye krimu za kujichubua. Kwenye ngazi saba za nguvu za steroidi wanazotumia Marekani, inakaa kundi la kwanza, juu kabisa. Na mimi nilikuwa nimesoma maonyo yote. Nimeyasambaza kwenye magrupu ya familia. Hata sisi humu, tunapoandika kuhusu kujichubua, huwa tunamaliza kwa sentensi ya aina hii: kaa mbali na krimu zenye steroidi.

Nikakaa mbali. Nilipaka siku nne, muwasho ukapoa, nikaogopa, nikaitupa tyubu nyuma ya kabati. Niliiacha karibu miezi sita. Niliporudi kwa daktari, pale somo aliposema pameanza kushikana palikuwa pameshikana. Dawa hii inazuia kovu. Kovu lililokwisha kujengeka hailifungui. Sehemu ile ya mwili wangu haitarudi.

Sisemi onyo lilidanganya. Kwa uso wa mtu mwenye ngozi nzima anayetaka weupe, onyo ni la kweli kila neno. Udhaifu wake ni ule ule wa boksi, umegeuzwa tu kichwa chini. Boksi linaisifia dawa bila kuuliza ugonjwa, na onyo linailaani dawa bila kuuliza ugonjwa. Dawa ileile inamlisha fangasi kwa mtu mmoja, inamharibu ngozi mwingine, na inauokoa mwili wa wa tatu. Kinachotofautisha ni jina la ugonjwa, na jina halipatikani mpaka mtu aangalie.

Ushahidi upo. Mwaka 2015 Lee, Bradford na Fischer walichapisha katika JAMA Dermatology matokeo ya wanawake 507 wenye ugonjwa huu waliotibiwa Sydney, Australia, kwa steroidi za kupaka za muda mrefu na kufuatiliwa kwa miaka. Wanawake 357 walifuata matibabu kama walivyoelekezwa, na 150 waliyafuata nusunusu. Saratani, au hali inayotangulia saratani, haikumpata hata mmoja katika kundi la kwanza. Katika kundi la pili iliwapata 7. Kushikana na makovu yaliendelea kwa asilimia 3.4 ya waliofuata, na asilimia 40 ya wale wa nusunusu. Ndiyo, huu haukuwa utafiti wa kupiga kura nani apewe dawa na nani asipewe, na huenda wanaofuata dawa vizuri hutofautiana na wengine kwa mambo mengi. Lakini tofauti ya 3.4 na 40 huwezi kuipita kama hujaiona. Mimi ni wa kundi la nusunusu. Najua kilichoniweka huko: sentensi nzuri, fupi, inayosambazika.

Rafiki yangu niliyemsomesha rasimu hii aliniuliza swali zito. Je, tukianza kusema "steroidi zina mahali pake", si tutawapa wauza mkorogo kisingizio? Hofu yake ni ya haki. Kampeni inahitaji sentensi fupi, na mimi naleta "inategemea". Jibu langu ni kwamba sentensi fupi nyingine ipo: *usipake steroidi mpaka mtu mwenye ujuzi ameiona ngozi yako na kukutajia jina la ugonjwa.* Sentensi hiyo inamfungia mlango anayejichubua na kunifungulia mimi. Ni ndefu kidogo kwa bango. Basi tuongeze bango.

Neno "kupona"

Kuna kitu kingine ambacho maandishi yote matatu yanakikwepa, nacho ni muda. Boksi linaahidi nafuu ya haraka. Chati inamaliza na dozi. Onyo linasema acha. Hakuna lenye sentensi ya mwaka ujao.

Wakati Kiswahili kinaweza kabisa. Mtu wa sukari hatumuulizi "umepona?" Tunamuuliza sukari inaendaje. Mtu wa presha tunasema anaishi nayo, ana vidonge vyake, ana kliniki yake. Ila ugonjwa ukishuka chini ya kiuno, ghafla unatakiwa uwe umekwisha au uwe fedheha. Laikeni sklerosasi ni jamaa wa presha. Unautuliza, na unaendelea kuutuliza.

Kutuliza kwenyewe hakuna maajabu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza, ambao daktari wangu anaufuata, huanza na mara moja kila usiku kwa mwezi mmoja, kisha usiku mmoja ndiyo mmoja hapana kwa mwezi wa pili, kisha mara mbili kwa wiki mwezi wa tatu. Tyubu moja ya gramu 30 inatakiwa idumu angalau miezi hiyo mitatu, kwa hiyo unaona ni kiasi kidogo kiasi gani. Kwa matumizi ya ngozi kwa ujumla kuna kipimo kilichochapishwa na Long na Finlay mwaka 1991: mstari wa dawa toka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mimi natumia pungufu ya hapo, kama punje ya njegere, mahali palepale nilipoonyeshwa kwa kioo.

Sasa niko Jumatatu na Alhamisi usiku. Nilizichagua kwa sababu bibi yangu hufunga sunna siku hizo, na akifuturu nakumbuka. Kujitawaza ni kwa maji matupu. Nimeacha sabuni za kunukia, maji ya ndimu, dawa za kuua vijidudu na kujifukiza, vyote ambavyo nilivitumia kwa bidii miaka ile nikidhani najisafisha. Kabla ya safari ya joto napaka mafuta mgando, maana kusimama foleni ya pantoni Magogoni saa tisa alasiri na nguo ya kubana si mchezo kwa ngozi ya aina hii. Mara moja kwa mwezi naangalia kwa kioo. Kidonda kisichopona, au kinundu kipya, ni safari ya kliniki bila kungoja tarehe.

Tafadhali usitoke hapa ukaenda kununua klobetasoli. Ukifanya hivyo utakuwa umeigeuza makala hii kuwa boksi la nne. Muwasho wako unaweza kuwa fangasi kweli, pumu ya ngozi, upele, mzio wa sabuni au kitu kingine kabisa.

Kwa wenzangu tunaoandika

Nchi hii ina watu wa kuangalia, ingawa hawatoshi. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu waliokwenda kufanya kazi mikoani na nchi jirani. Fani yao inaunganisha ngozi na magonjwa ya zinaa, jambo lenye mantiki kitabibu. Ila fikiria dada aliyekwisha kuulizwa "umeutoa wapi", anafika mlangoni anakuta kibao cha kliniki ya ngozi na zinaa. Kibao nacho ni andishi. Mstari mmoja chini yake, "si kila ugonjwa wa hapa huambukizwa", usingegharimu hata rangi ya kopo moja.

Na sisi wa sayansi nyepesi tuna deni. Tumezoea kuandika kuhusu dawa: dawa hii nzuri, dawa ile hatari. Ni rahisi kuandika, na inapata wasomaji. Naomba tuanze kuandika kuhusu utambuzi: daktari anaangalia nini, anatofautishaje baka la fangasi na baka lililopauka kwa makovu, kwa nini anakata kipande. Huo ndio ujuzi uliokosekana kwenye safari zangu nne.

Mume wangu ameisoma makala hii kabla yako. Ile karatasi ya pantoni bado anayo, sijui kwa nini. Ameniambia niongeze kitu kimoja kwa wanaume wanaosoma: ukiletewa karatasi kama ile, kabla ya "umeutoa wapi", uliza "waliangalia?"

Na wewe unayewashwa, ukifika kliniki, hata kama sauti inatetemeka, sema maneno mawili: "Naomba uniangalie."